720720: namba inayokubali kugawanywa kwa 1 hadi 16

Walimu wa darasa la saba hapa Dodoma, kuanzia Makole hadi Kikuyu, mkitaka namba moja ya kufundishia vigawo na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote zilizotajwa) kwa mkupuo, chukueni 720720. Ndiyo KDS ya namba zote kuanzia 1 hadi 16.

Kwa namba tasa ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Kosa linalojirudia ni kuzidisha 1 hadi 16 moja kwa moja. Mwanafunzi anapata 20922789888000, kwa sababu 2, 3, 5 na 7 zimeingia mara nyingi mno. KDS huchukua kipeo kikubwa tu: 2⁴ inatoka kwenye 16, 3² kwenye 9.

Kupata idadi ya vigawo, ongeza 1 kwa kila kipeo kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Asiyeongeza 1 anapata 8, maana ameacha kipeo sifuri, yaani vigawo visivyo na namba tasa hiyo kabisa. Chini ya 720720 hakuna namba yenye vigawo 240. Namba za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo chini yake, alizichambua Srinivasa Ramanujan wa India mwaka 1915.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote: tenga tarakimu tatu tatu, 720 na 720, kisha toa. Jibu ni 0, kwa hiyo inagawanyika kwa 1001, yaani 7 × 11 × 13. Mkifika 17, inabaki 5.