Gambuti, tope na ndege wa Jamaica Bay

Jumamosi iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri, siku yenyewe ya ofu, ati naenda kuangalia ndege. Mamangu akisikia atasema Marekani imenipanda kichwani. Nikashika treni ya A mpaka Broad Channel, ukishuka hapo unatembea kidogo tu ushafika Jamaica Bay, hifadhi ya ndege ndani ya New York kabisa, mwisho wa Agosti jua linawaka kama Kilifi, eropleni za uwanja wa JFK zinanguruma juu ya kichwa na ndege wanaendelea kula zao kama hawajasikia kitu.

Siri ya pale ni maji. Kuna bwawa linaitwa East Pond, na majira ya joto huwa wanalipunguza maji makusudi ili tope litokee pembeni, maana hawa ndege wa ufuoni hawana haja na maji mengi, wanataka tope la kuchokoachokoa. Halafu uende bahari ikiwa imejaa. Maji yakipwa wanatawanyika huko nje kwenye ghuba, yakijaa wanakosa pa kukanyaga, wanakimbilia bwawani. Hili sikufunzwa na mtu, mtoto wa Mida, kwenye hori ya bahari kule Kilifi, utamfunza nini kuhusu kujaa na kupwa.

Ila tope la huku ni adui. Hatua ya kumi hivi mguu ukatoka, gambuti likabaki, nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo nimeshika darubini juu isilowe, na ajuza mmoja mwenye teleskopu yake hapo kando anacheka mpaka anafuta machozi. Ndiye aliyenivuta. Na ndiye aliyenifunza yule siku yote.

Kulikuwa na vitwitwi mamia, hao ndege wa ufuoni, vidogo, vya kijivukijivu, kwangu vyote sura moja. Akaniambia achana na mgongo, tazama miguu. Mwenye miguu ya manjano ni wa aina moja, mwenye miguu myeusi ni wa nyingine. Nikakazia macho mmoja wa miguu myeusi, hayuko mbali, kama mita nne, anadunga tope haraka haraka kama cherehani, kila manyoya ya mgongoni yana ukingo mweupe safi kama magamba ya samaki. Hiyo ndiyo alama ya kinda wa mwaka huu, kaanguliwa Juni huko kaskazini karibu na Aktiki, wazazi wakatangulia kuondoka, na yeye sasa anajipeleka mwenyewe mpaka pwani ya Amerika Kusini ambako hajawahi kufika wala hakuna wa kumshika mkono. Uzito wake kama gramu 25, yaani vijiko viwili vikubwa vya sukari. Mimi nilipokuja huku nilisindikizwa eapoti na watu kumi na wawili na bado nililia.

Ghafla wote juu! Kozi kapita. Lile kundi likageuka mara moja, jeupe, jeusi, jeupe, kisha kimya, nadhani kozi hakupata kitu. Mimi pia sikupata, picha zote ni ukungu.

Mchana nikavuka kwenda upande wa West Pond (lile bwawa lililobomolewa kingo na kimbunga Sandy 2012, likazibwa tena 2017), na hapo kwenye mawe ya ghuba nikamwona yule mfupi wa miguu ya rangi ya chungwa anapindua vijiwe na mwani kutafuta chakula. Nikaganda. Huyu namjua! Huyu hata kwetu Mida yuko, nilikuwa namtupia makombe nikiwa mdogo, sikuwahi hata kumuuliza jina. Si yuleyule mmoja, wa kwetu hutokea kaskazini ya Asia huko, wa hapa ni wa upande huu wa dunia, lakini ni aina moja, na zile fujo zake za kupindua mawe ni zilezile.

Nikamtumia mjomba vois noti palepale, Shikamoo mjomba, kuna hawa ndege wa kupindua mawe, huko wapo?

Akajibu jioni yake, nasikia mawimbi nyuma. "Marahaba mjomba. Wameanza kuingia juzi juzi. Kwani huko Marekani mmekosa kuku?"