Feda ya milimita 60 au 100?

Lubumbashi, Julai

Feda ni kile kitelezi unachosukuma kwa kidole kupandisha au kushusha thamani, na feda yenye mwendo mrefu haikupi hatua nyingi zaidi. Naanza na hili kwa sababu ndipo pesa za watu hupotelea, hasa mzigo unapoagizwa kutoka mbali na kupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia: ukifika na haufai, nani ataurudisha?

Kontrola (kisanduku cha feda kinachoiamuru programu ya muziki) ya milimita 30 na ya milimita 100, zikituma CC za kawaida, yaani ujumbe wa MIDI wa kubadilisha thamani, zote hutuma namba kuanzia 0 hadi 127 tu. MIDI, lugha ya vifaa vya muziki vya kielektroniki, imekuwa hivyo tangu 1983. Chukua urefu ugawe: feda ya milimita 30 hubadilisha namba kila robo milimita hivi, ya 45 kila milimita 0.35, ya 60 kila milimita 0.47, ya 100 kila milimita 0.79. Urefu hupanua nafasi ya kila hatua ili kidole kiweze kuipata. Kidole kisipohitaji nafasi hiyo, umelipia chuma na plastiki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kazi yenyewe. Kazi kubwa ya studio nyingi ndogo hapa ni kwaya na nyimbo za kanisa, na nyuma ya sauti mtu anaweka violini na selo za kompyuta. Hapo feda si ya kuchanganya sauti. Ni ya kuzipa violini pumzi wakati mkono wa kulia uko kwenye kinanda: CC1 inaongoza nguvu ya upigaji, CC11 inaongoza ukubwa wa sauti ndani ya sentensi ya muziki. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vinapanda na kushuka pamoja, lakini si kwa kiasi kimoja. Kwa kazi hiyo naitetea milimita 60, na sababu iko kwenye kifundo cha mkono.

Jipime. Laza kifundo cha mkono wa kushoto mezani, weka rula ya shule chini ya kidole cha shahada na cha kati, kisha vivute na kuvisukuma bila kuhamisha kifundo. Soma umbali ulioupata. Ukikaribia sentimita 6, feda ya 60 utaimaliza yote huku mkono umetulia. Kwenye feda ya 100 itabidi kigasha chote kisafiri, na kresendo (sauti inayopanda) ya polepole ya baa 8 itatoka na mikwaruzo pale mkono unapohama. Ukipata sentimita 4 au 5 usishtuke, mikono haifanani. Feda ya 45 itakutosha, ila kosa dogo la kidole litasikika zaidi.

Wengi hawapimi nafasi kati ya feda na feda. Kwa vidole viwili, sentimita 2 hadi 2.5 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni raha. Zikibanana, vifuniko vinagusana na CC11 inaburutwa na CC1. Angalia pia uzito wa mwendo: feda nyepesi mno huteleza kwa mtetemo wa meza tu. Afadhali yenye ukinzani kidogo, ambayo ukiiachia inabaki palepale.

Milimita 100 ina mahali pake, nako ni kwenye kuchanganya. Ukiwa na traki 24 (njia za sauti) kwenye mradi na unatafuta nusu desibeli ya sauti ya kiongozi, mkono wote unafanya kazi na urefu unasaidia kweli. Ndiyo maana feda zenye mota, zinazojisogeza zenyewe, kama za Behringer X-Touch au PreSonus FaderPort, ni za milimita 100. Tena hizi mara nyingi hazitumii CC: katika Mackie Control, itifaki ya kontrola za kuchanganya, kila feda hutuma ujumbe wa pitch bend (ule wa kupinda noti), wenye nafasi ya biti 14, kwa hiyo ule mpaka wa namba 128 haupo. Lakini mota inataka umeme wake. Umeme ukikatika, na hapa unakatika, laptopu inaendelea na betri huku feda zimelala. Kontrola isiyo na mota, kama Novation Launch Control XL yenye feda 8 za milimita 60, inakula kutoka USB na kazi haisimami.

Kuna ugumu mmoja ambao urefu hauutibu. Kwenye sinthi (ala za kielektroniki) zinazofuata mkunjo wa General MIDI, kanuni yao ya pamoja, kwa CC7 (ukubwa wa sauti kwa jumla) na CC11, kushuka kutoka 127 hadi 126 ni desibeli 0.14 tu, kutoka 10 hadi 9 ni karibu desibeli 1.8, kutoka 2 hadi 1 ni desibeli 12 nzima. Ndiyo maana violini zinazoanza kutoka kimya husikika zikiruka, hata kwa feda ya bei ghali. Dawa yake ni kutoanza chini kabisa: panda kutoka 20 hivi, na ule mwanzo uuchore kwa otomesheni ya sauti (mstari unaoipandisha sauti yenyewe) ndani ya programu.

Wengine watasema, basi tumia biti 14. Sawa: CC1 huambatana na CC33, na CC11 na CC43, ya pili ikibeba vipande vidogo vya kila hatua. Ila kwanza hakikisha ala yako inazisoma kama jozi. Nyingi hazisomi. Na ukitumia kitufe cha kujifunza (MIDI Learn), ambacho hudaka namba ya CC unaposogeza feda, programu inaweza kuidaka CC33 badala ya CC1. Hapo ukisogeza feda polepole, thamani inazunguka kutoka juu hadi chini kama imerukwa na akili. Ukiona hivyo, andika namba ya CC kwa mkono.

Kujitengenezea kisanduku cha feda mbili si kazi ngumu. Unahitaji bodi ya Pro Micro ya volti 5 yenye ATmega32U4 (Uno R3 haifai moja kwa moja, chipu yake haina USB ya MIDI), feda mbili za milimita 60 za kilo-om 10 zenye alama B, yaani zinazopanda sawasawa. Zenye alama A ni za sauti. Kwenye MIDI zitakubania namba nyingi upande mmoja. Kabla ya kulehemu, pima miguu kwa multimita, maana mguu wa ishara hauko katikati kila mara: miguu miwili inayobaki karibu kilo-om 10 hata ukisogeza ndiyo ya ncha, wa tatu ndio wa ishara. Ncha moja iende VCC (volti 5), nyingine GND (ardhi), ishara ya feda ya kwanza kwenye pini A0, na ya feda ya pili A1. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya ishara na GND. Lehemu kwa sekunde chache tu, plastiki huyeyuka.

Bodi husoma 0 hadi 1023, kwa hiyo kila namba ya MIDI ina usomaji 8 ndani yake. Kwenye programu utakayoiandikia bodi, toa wastani wa usomaji 16, na usitume namba mpya mpaka usomaji uhame zaidi ya 5 au 6 kutoka pale ulipotuma mara ya mwisho. Bila hivyo feda iliyotulia itatetemeka kati ya 63 na 64 na kujaza mradi wako takataka. Kata ncha zote mbili pia: chini ya 8 iwe 0, juu ya 1015 iwe 127, la sivyo violini hazizimi kabisa. Kabla ya kutoboa boksi, pima mwili wa feda, kwani huzidi mwendo wake kwa sentimita moja na nusu au zaidi.

Halafu vumbi. Kiangazi hiki chekundu huingia kwenye kila upenyo, na upenyo wa feda ya 100 ni mrefu zaidi. Dalili yake kwenye kifuatilia MIDI (programu inayoonyesha namba zinazotumwa) ni namba kuruka, 64, 71, 64, mahali palepale kila unapopita. Piga brashi laini, puliza hewa, kisha tumia dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa feda. Mafuta ya bawaba husafisha leo, lakini huondoa grisi na kukamata vumbi jipya, na baada ya muda feda inakwama kabisa. Kitambaa juu ya kontrola kila jioni hakigharimu kitu.