Mpira wa kumwagilia na maji ya Kisite

Mtoto wa kaka yangu alikuwa ameinama kwenye pipa la uani, hapa Nkuhungu, Dodoma, kichwa chote ndani, mdomoni ameng'ata ncha ya mpira wa kumwagilia mchicha. Alipotoka, macho mekundu, swali likawa tayari: "Shangazi, mbona hewa haiji? Mpira wenyewe hauna tundu. Nyie kule baharini Wasini mlipumuaje?"

Nilimnyang'anya mpira kwanza, maelezo baadaye. Mrija wa kupumulia majini hauzidi sentimita 40 hivi, na si kwamba mtengenezaji kabania. Mpira wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa mita moja na nusu unabeba karibu nusu lita ya hewa, kiasi kile kile anachovuta mtu mzima akiwa ametulia. Kwa hiyo pumzi unayoitoa haifiki nje. Inasimama njiani, unaivuta tena ile ile, na hewa mpya haikufikii. Halafu kuna uzito. Kifua kikiwa mita moja chini, maji yanakandamiza kila sentimita ya mraba kwa gramu 100. Jumlisha kifua kizima cha mtu mzima, unapata zaidi ya mfuko wa saruji, na misuli ya mbavu haiwezi kuunyanyua kila unapotaka kuvuta pumzi. Ndiyo maana mwenye mrija huelea juu kabisa, uso tu ndio majini. Hatembei chini kama anavyodhani huyu bwana mdogo.

Safari yenyewe ya Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, siirefushi. Basi hadi Tanga, mpakani Horohoro asubuhi, kadi ya homa ya manjano mkononi, ng'ambo Lungalunga, matatu hadi njia panda, kisha gari dogo mpaka gati la Shimoni. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma, maji meupe. Nahodha alikuwa ameshauhesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa na kujaa kwa kasi, na mkondo unamchukua mtu huku yeye akidhani amesimama. Sisi tulipelekwa wakati wa maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Kisite, tulikopelekwa, ni hifadhi ya bahari, hakuna kuvua. Upande wa Mpunguti, visiwa vya jirani, wavuvi wa mitego ya kienyeji wanaruhusiwa. Boti hazitii nanga pale, zinafungwa kwenye maboya, maana nanga moja inavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua.

Kijana wa boti alianza na miwani. Ile ya kuzamia inafunika na pua, na hapo ndipo mtu wa bara anapopigwa chenga. Unaiweka usoni bila mkanda, unavuta pumzi kidogo kwa pua, unaachia mikono. Ikibaki imenata, ni saizi yako. Yangu ilidondoka mapajani. "Dada, hizo rasta zote nyuma," akasema, akaniondolea mwenyewe uzi uliolala kwenye paji. Nywele moja chini ya ukingo wa silikoni inatosha kupitisha maji. Sharubu nazo ni hivyo hivyo. Mwenzetu mmoja alijipaka mafuta mazito chini ya pua, yakasaidia nusu, na mafuta hayo si rafiki wa mpira. Mkanda unapita juu ya masikio, haukazwi sana. Wengi wakiona maji yanaingia wanazidi kukaza, ukingo unajikunja, maji yanazidi. Kuhusu ukungu, unatema mate ndani ya kioo, unasugua kwa kidole, unasuuza mara moja kwa maji ya bahari na huufuti tena kwa kitambaa. Na pua hiyo usiitumie: ukitoa pumzi kwa pua ndani ya miwani, ukungu unarudi hapo hapo na ukingo unaachia.

Jaketi okozi nililivaa, lakini likilegea linapanda hadi kidevuni na kukugeuza chali, ndiyo maana kijana alichukua na boya la duara lenye kamba. Mimi kazi yangu kulishika, yeye kuvuta.

Nikashuka ngazi. Miguu haikupata kitu cha kukanyaga, na hata ungekuwepo mwamba hairuhusiwi kuusimamia: utaukata uhai wake nao utakuchana nyayo. Nikakamata boya kwa mikono miwili, nikainamisha uso, pumzi ikaganda. Mrija uko wazi juu, naujua, nimeupuliza mwenyewe botini. Akili inasema vuta, kifua kinasema thubutu! Nikainua kichwa. Kijana hakucheka. "Usianze kuvuta, dada. Toa kwanza. Toa yote, polepole. Kuvuta kutakuja kwenyewe."

Nikainama tena, nikatoa. Yakapita mapovu machache pembeni ya midomo, nikabana zaidi ule mpira wa kung'ata. Nikaendelea kutoa mpaka mbavu zikaisha, na hapo kifua kikajifungua bila kuniomba ruhusa. Hewa ikaja, kavu, ina harufu ya plastiki. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa mkoromo wangu mwenyewe mrijani. Ya pili ilikuwa mkwaruzo, kr-kr-kr, nikadhani boti inasuguana na jiwe. Kumbe pono. Alikuwa chini ya mkono wangu, kijani chenye waridi shavuni, meno yameungana kuwa mdomo mmoja mgumu, anamega jiwe la matumbawe, anasogea, anamega. Kisha akaachia nyuma yake wingu la unga mweupe, bila haya. Unga huo ni matumbawe yaliyosagwa tumboni, na mchanga mwingi mweupe wa fukwe hizi ndiko ulikotoka. Nikanyoosha mkono, haukufika. Majini vitu huonekana vikubwa kwa theluthi moja na karibu zaidi kwa robo.

Wimbi dogo likapita juu ya mrija, nikanywa. Dawa yake ni kupuliza kwa nguvu, mara moja, fupi, pfuu!, halafu pumzi inayofuata unaivuta kidogo kidogo, ulimi umeinuliwa kuzuia matone yaliyosalia. Kasa nilionyeshwa, sikumwona. Simu ndani ya mfuko wake wa plastiki ilipiga picha za ukungu mtupu. Jua lilinipata nyuma ya magoti, mahali ambapo hakuna anayepafikiria. Vaa suruali ndefu ya kubana, ngozi nyeusi nayo huungua.

Huwa naulizwa kama siku ile nilishinda woga. Sijui. Nilipumua, basi. Kuogelea bado sijui, na Bwawa la Hombolo nalitazama nikiwa ukingoni.

Chakula cha mchana tulikula Wasini: wali wa nazi, samaki, kaa wa kupasua kwa kijiwe. Kisiwa hakina mto, na kwa miaka mingi wenyeji wamekinga mvua. Wenzangu wakizungumzia samaki, mimi macho yalikuwa kwenye mifereji ya bati. Mama aliyetupikia akanieleza kuwa mvua ya kwanza haikingwi, inaachwa ioshe kinyesi cha ndege na chumvi iletwayo na upepo. Kwetu ni vumbi, nikamwambia. Tukapiga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo bati la mita 50 za mraba Dodoma, penye kama milimita 550 kwa mwaka, linapokea zaidi ya lita 25,000, ukiacha zinazovuja na kukauka.

"Na simtanki lenu la lita ngapi?"

Elfu moja, nikasema. Akaguna, akanisogezea bakuli la kaa.