Kitabu cha marejeo bado kina kazi, ila siyo ile ya zamani

Naandika kitabu cha marejeo cha Python, lugha ya kuandikia programu, na kila nikisema hivyo naulizwa, sasa nani atafungua kitabu siku hizi na AI iko hapo pembeni ya skrini inajibu hata kabla hujamaliza kuuliza? Swali la haki kabisa. Toka GitHub Copilot, AI ya kusaidia kuandika kodi, itoke 2021 halafu ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022, ile kazi ya kuchungulia tu, yaani nimesahau fanksheni fulani inapokea nini na inarudisha nini, imeshahama kitabuni na wala sioni sababu ya kuipigania. Mimi mwenyewe nikisahau namna ya kuandika fomati ya tarehe nauliza AI, napata, naendelea.

Lakini kuna swali moja AI inalikosea mara nyingi, na hata ukiiendesha kodi yenyewe haikupi jibu: hiki ninachokiona kimeahidiwa na lugha au kimetokea tu?

Chukua `dict`, ile kamusi ya Python inayotunza vitu kwa majina yake. Kwenye Python 3.6 ilianza kutunza vitu kwa mpangilio ule ule ulioviingiza, ukiprinti unaviona vimekaa kwa foleni. Ila nyaraka rasmi za wakati huo zilisema wazi huo ni utaratibu wa ndani wa CPython, yaani ile programu rasmi inayoiendesha Python, usiutegemee, ahadi yenyewe ikaja na 3.7 mwaka 2018. Kodi ni ile ile na majibu kwenye skrini ni yale yale, lakini mwenye 3.7 ana haki ya kudai na mwenye 3.6 hana. Halafu njoo kwenye `set`, mkusanyiko wa vitu visivyojirudia. Ukiweka namba ndogo ndogo ukaprinti zinaweza kutoka zimepangika vizuri mpaka ukaamini, weka stringi sasa, yaani maneno, endesha programu mara kadhaa, utaona mpangilio unabadilika, kwa sababu toka 3.3 hashi za stringi, zile namba ambazo Python inazitumia kuamua kitu kikae wapi ndani ya `set`, zinachanganywa upya kila programu inapoanza. Hapo hakuna ahadi yoyote, na hakujawahi kuwa nayo.

Watu wa lugha ya C haya wanayajua siku nyingi. Kwao `int`, yaani namba nzima, ikizidi kikomo chake standadi ya lugha haisemi kitakachotokea, basi kompaila, ile programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine, ina ruhusa ya kuamini kwamba jambo hilo halitokei kabisa, na ule ukaguzi wako wa `x + 1 < x`, wa kuona kama namba imezidi kikomo, inaweza kuufuta wote ukiwasha optimaizesheni, yaani ukiiambia iharakishe kodi. Ulitesti bila optimaizesheni ikafanya kazi, ndiyo, na bado ulikuwa umekosea.

Sasa AI imejifunza kwenye kodi za watu, kodi nyingi mno, na kodi za watu zimejaa mambo yaliyotokea tu. Ndiyo maana hadi leo unaweza kupewa `datetime.utcnow()`, amri ya kupata saa ya sasa, kitu ambacho toka 3.12 ya mwaka 2023 Python yenyewe inakuonya uachane nacho. Tatizo lake liko hivi: inakurudishia saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, lakini bila lebo ya ukanda wa saa, ukiiita `.timestamp()` ili kuigeuza kuwa namba ya sekunde, Python inadhani hiyo ni saa ya mashine yako. Seva ikiwa imesetiwa UTC huoni kosa lolote hata mwaka mzima, siku umeipeleka kodi kwenye mashine iliyo masaa matatu mbele, namba zako zote zinarudi nyuma masaa matatu na hakuna eroo hata moja inayotokea. Dawa ni `datetime.now(timezone.utc)`, na hilo AI inalijua pia ukiiuliza vizuri, ila ili uulize vizuri lazima uwe tayari unashuku kitu, na wa kukupa hiyo shaka mapema ni kitabu.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kuandika. Mifano mirefu ya sintaksi nimeipunguza sana. Kila ingizo linaanza na kilichoahidiwa na toka toleo gani, kisha ndiyo CPython inavyofanya leo bila kuahidi. AI naitumia, naiuliza jambo moja kwa njia tofauti tofauti, na pale majibu yanapogongana najua ndipo pa kukaa na kuandika kwa kirefu. Lakini ile sentensi ya ahadi naiandika mwenyewe baada ya kusoma nyaraka rasmi neno kwa neno, kwa sababu kuna mtu ataiamini akajengea mfumo wa watu juu yake.

Kinachonisumbua kwa sasa ni kwamba toleo jipya la Python linatoka kila Oktoba. Ahadi huwa hazibadiliki haraka, yale ya ndani ndiyo yanakimbia, basi nimeamua kuyatenga kwenye sura zake mwisho wa kitabu ili kila mwaka niandike upya hizo tu na kuendesha tena kila mfano uliomo.