Jinsi nilivyogundua kuwa mapepe ya mpunga wangu yalitokana na joto la saa tano asubuhi

Msimu wa kiangazi wa mwaka juzi nilivuna magunia 11 katika ekari moja ambayo kwa kawaida hunipa 25. Shamba langu liko Mkindo, wilayani Mvomero, ambako ninalima mbegu ya mpunga ya SARO 5 kwa maji ya mfereji, na mpunga ule ulikuwa umestawi kuliko wa majirani wote. Ilipofika mwanzoni mwa Desemba, wakati masuke yanapaswa kuinama kwa uzito, mengi ya kwangu yalikuwa bado yamesimama wima, na nilipominya punje kwa kucha sikuona maziwa ndani yake.

Muuza pembejeo mmoja aliniambia bila kufika shambani kwamba huyo ni funza wa mashina, akaniuzia dawa. Nilinyunyizia mara mbili, na ukijumlisha kibarua nilitumia laki moja na kitu. Mzee mwingine ninayemheshimu alinishauri niongeze urea ili punje zijae, nami nikaongeza. Ninakasirika hadi leo nikikumbuka, kwa sababu tofauti ilikuwa mbele ya macho yetu sote: suke lililoharibiwa na funza huwa jeupe lote, na ukilivuta linachomoka kirahisi likiwa limetafunwa chini. Masuke yangu hayakuchomoka, na kila moja lilikuwa na punje nzima na mapepe, yaani punje tupu, yaliyochanganyika. Punje iliyokosa kutungwa siku ya kuchanua haiwezi kujazwa na mbolea yoyote.

Aliyenifungua macho ni binti yangu, anayesoma kilimo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Aliniuliza, “Baba, mpunga ulichanua tarehe ngapi?” Nilijua tarehe ya kusia na ya kupandikiza, lakini hiyo sikuijua. Tulipohesabu tukaona kwamba, kwa sababu zamu ya maji ilichelewa na kitalu nikakisia mwishoni mwa Agosti, mpunga ulichanua mwishoni mwa Novemba, wakati huku kwetu kuna joto kali. Alinieleza kwamba ua la mpunga hufunguka kwa takriban saa moja tu, mara nyingi kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, na kwamba joto likipita nyuzi 35 katika saa hiyo vifuko vya chavua hushindwa kupasuka vizuri, chavua kidogo mno ikafika kwenye sehemu ya kike ya ua, na punje ikabaki ganda.

Sikutaka kuamini kwa kusikia tu, kwa hiyo msimu uliofuata niliacha kipande kidogo nikakisia kwa kuchelewa kama zamani, ili kichanue kwenye joto. Nilining'iniza kipimajoto kwenye kijiti, kimo sawa na masuke, chini ya kipande cha boksi kilichokikinga na jua, nikawa ninakisoma kila baada ya nusu saa tangu saa tatu. Siku za kwanza nilifunga uzi kwenye kila suke lililoanza kuchanua, mwekundu kwa siku ya joto na wa bluu kwa siku ya mawingu. Kazi hiyo ya siku tatu ilipotea bure, kwa maana suke halichanui siku moja. Huanza nchani na kushuka chini kwa muda wa karibu wiki nzima, hivyo suke moja lenye uzi wangu mwekundu lilikuwa limebeba siku za joto na za mawingu pamoja.

Hapo ndipo nilipopata njia ambayo ninajivunia mno. Nilichukua chupa mbili za rangi ya kucha za binti yangu, na kila mchana, maua yakishafunga, nilitia nukta ndogo mgongoni mwa punje zilizochanua siku ile. Utazijua kwa vifuko vyeupe vya chavua vinavyoning'inia nje ya ganda. Nyekundu niliitumia kwa siku ambazo kipimajoto kilipita 35 kabla ya saa sita, na waridi kwa siku zilizobaki chini ya 33. Rangi ile haikuoshwa na mvua wala umande. Wakati wa kuvuna nilitenga punje kwa rangi zake mbele ya wanakikundi wenzangu, nikazipasua moja moja. Zenye waridi, karibu tisa katika kila kumi zilikuwa zimejaa. Zenye nyekundu, zaidi ya nusu zilikuwa mapepe. Zote zilikuwa za mbegu moja, jaruba moja na mbolea ileile.

Shamba lililobaki nilikuwa nimelisia katikati ya Juni, kitalu kikiwa pembeni mwa mpunga wa masika ambao bado ulikuwa unavunwa. Lilichanua Septemba asubuhi zikiwa bado na ubaridi, likanipa magunia 24. Jambo la pili lilikuwa maji. Wengi wetu tulifundishwa kilimo shadidi, cha kulowesha na kukausha, tukadhani kukausha ni kwa msimu wote, kumbe wakati wa kuchanua mizizi ikikosa maji, mmea unashindwa kujipoza kwa kutoa mvuke kupitia majani, na masuke yanapata joto zaidi. Niliwaachia majirani zamu zangu mbili za mwanzo kwa makubaliano kwamba watanipa zao katika siku 10 za kuchanua.

Ziko mbegu zinazovumilia joto, kama N22 ya India, ambayo watafiti huitumia kama kipimo, na IRRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kule Ufilipino, kimekuwa kikitafuta aina zinazochanua mapema zaidi asubuhi. Kituo hicho kilitangaza mwaka 2004 kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka katika joto la usiku wakati wa kiangazi iliendana na upungufu wa mavuno wa karibu asilimia 10. Kwa hiyo tarehe yangu ya Juni haikingi kila kitu, na usiku siwezi kuuhamisha.

Tatizo jipya lilikuwa ndege. Mpunga wangu uliiva peke yake bondeni, kwelea kwelea wakaujia wote, nami nikalipa vijana wa kuwafukuza kwa wiki tatu tangu alfajiri hadi magharibi. Mwaka huu wenzangu saba wamesia wiki moja na mimi, na zamu ya kuwinga ndege tumekwisha kuigawana.