Jozi moja ya S

Leo kijana mmoja wa sarakasi amenijia karakanani na picha kwenye simu: buugeng, ile jozi ya fimbo zenye umbo la herufi S aliyoibuni Mmarekani Dai Zaobab. Unazishika katikati, moja kila mkono, na ukizizungusha sambamba macho yanadanganyika: umbo linafunguka, linajikunja, linafunguka tena. Kijana anataka nimkatie jozi kwa plaiwudi, maana kuagiza kutoka nje, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni hela asizo nazo. Nikamkubalia hapo hapo. Kisha akaniuliza: je, tukikata jozi nyingine za kuuza?

Hapo ndipo nilipokwama.

Sheria haikatazi sana. Hapa Kenya hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hudumu miaka 20, na umbo la bidhaa lililosajiliwa hulindwa miaka 5, muda unaoweza kuongezwa mara mbili. Ila ulinzi huo huishia mpakani, na mafundi wengi wa vifaa hivi hawasajili popote. Wakili angewalia faida yote.

Mipira ya sarakasi, ile ya kurusha na kudaka, hainisumbui. Ile ninayoshona mimi, vipande vinane vya kitenge na mtama ndani hadi ifike gramu 120 hivi, haina mwenyewe. (Mtama uanikwe ukauke kabisa, la sivyo fukusi watakufanyia sherehe humo ndani.) Diabolo ndiyo hunichekesha. Wachina walikuwa wakikizungusha kijigurudumu hicho cha mianzi juu ya uzi karne nyingi kabla ya mhandisi Mfaransa, Gustave Phillippart, kukiboresha, kukipa jina hilo na kukichukulia hataza mwanzoni mwa karne ya 20. Nani alimwiga nani hapo? Na poi, vile vitufe vya kuzungushwa kwa kamba, ni za Wamaori wa New Zealand, waliozitengeneza kwa majani ya raupō, aina ya matete. Leo zinauzwa zikiwa na taa za rangi, na aghalabu muuzaji hawataji Wamaori kabisa.

Kwa hiyo sikubali kwamba kuiga ni wizi. Sote tulijifunza kwa kufumua kazi za wengine tuone mshono umepita wapi. Lakini Wachina wale wa zamani hawakuwa wakisubiri oda ya wiki hii ndipo walipe kodi ya nyumba. Mtu aliyebuni kifaa akiwa bado hai, bado anakiuza, nami nikaweka changu sokoni kwa nusu bei bila hata kumwandikia, huo kwangu ni ukosefu wa adabu, sheria iseme itakavyo. Barua pepe haina nauli.

Nilipomweleza kijana, alinitazama kama mtu aliyechelewa basi. "Fundi, usipokata wewe, kiwanda kitakata."

Ni kweli, na nakala za kiwandani zimeshaanza kuonekana. Nikamwambia za kuuza akanunue huko kiwandani basi. Zake zitakuwa tayari Ijumaa, jozi moja, na nitazipiga msasa mwenyewe.