Droo ya Tatu

Sanduku la zana nililorithi kwa mjomba wangu, aliyekuwa seremala maisha yake yote, lina droo nne, na siku lilipofika mikononi mwangu, katikati ya msimu wa mvua, droo ya tatu haikufunguka. Kaka yangu alishika kishikio kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu. Upande wa kulia ukasogea kidogo, wa kushoto ukabaki palepale. Nilimwomba aache, kwa kuwa droo ikishakwenda mshazari hujikaza kwenye kuta za sanduku, na kadiri inavyovutwa ndivyo inavyozidi kung'ang'ania.

“Basi tuipasue uso kwa tindo,” akasema, “nawe utatengeneza mwingine.”

Sikuweza kukubali. Kwenye droo zilizofunguka nilikuwa nimeona jinsi mjomba alivyounganisha uso na mbavu kwa maungio ya mkia wa njiwa, yaani meno ya mbao yanayopanuka kuelekea ncha na kuingiliana, aliyoyakata kwa msumeno na patasi, na mistari myembamba aliyoichora kwa ncha ya kisu kabla ya kukata ilikuwa ingali wazi kwenye mbao. Kazi kama hiyo haipasuliwi kwa sababu ya haraka ya mtu.

Niliirudisha ndani hadi ikakaa sawa, kisha nikachomoa droo ya pili na ya nne. Kwa tochi nikaona kizuizi cha kwanza: mpini wa patasi pana ulikuwa umepanda juu ya jiwe la kunolea, ukasimama nyuma ya ubao wa mbele unaotenganisha droo. Niliulaza kwa rula ya chuma. Droo ikalegea kidogo tu, maana kizuizi cha pili kilikuwa mbao zenyewe. Ubao ukinyonya unyevu hufura kwa upana, wala urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Na kwa kuwa ubavu wa droo ni ubao uliosimamishwa kwa upana wake, kimo chake ndicho kilichoongezeka. Niliweka taa yenye balbu ya joto katika nafasi ya droo ya pili, mbali na mbao, nikakaa karibu nayo mchana kutwa. Jioni nilipitisha mkono kutokea chini, nikaweka kipande cha ubao laini nyuma ya droo, nikakigonga polepole kulia na kushoto kwa zamu, huku kaka akiipokea kwa mbele bila kuivuta. Ikatoka nzima.

Patasi zilikuwa zimeviringwa kwenye kitambaa chenye mafuta, na kutu ilikuwa imegusa moja tu. Lakini kilichonivutia zaidi kilikuwa ukingo wa juu wa ubavu wa kushoto, ambako mstari mweusi unaong'aa ulionyesha hasa mahali mbao zilipokuwa zikisuguana. Kaka alitaka nipitishe randa hapo hapo. Nilikataa, kwa sababu droo inayorandwa ikiwa imefura hulegea kupita kiasi ikishakauka. Nilisugua kingo zote kwa mshumaa mkavu, nikaacha mafuta kabisa, kwani huingia kwenye mbao na kukusanya vumbi. Kiangazi kilipofika, niliranda mstari ule peke yake, maranda membamba ya kupenyeza mwanga, na tangu hapo droo hufunguka kwa mkono mmoja hata mvua inaponyesha.